Ahadi za Misaada kwa Gaza: Namna ya Kuzifuatilia

Kila baada ya vita, nchi wahisani hukutana na kutangaza mabilioni, na habari husambaa kwamba Gaza "imepewa" fedha. Mara nyingi kilichotolewa siku hiyo ni ahadi tu. Makala hii inaeleza safari ya ahadi hadi kuwa nyumba, kwa mfano wa mkutano wa Cairo wa mwaka 2014.

Hatua nne za msaada

1. Ahadi: tamko la mhisani mbele ya wenzake. Kwa kawaida halimfungi kisheria.
2. Makubaliano: mkataba unaotaja kiasi, kazi na mpokeaji.
3. Malipo: fedha zimetoka kwa mhisani na kumfikia mpokeaji.
4. Matumizi: saruji imenunuliwa, fundi amelipwa, familia imerudi kwake.

Mkutano wa Cairo

Vita vya 2014 vilisimama tarehe 26 Agosti. Tarehe 12 Oktoba, Misri na Norway ziliwakutanisha wahisani Cairo, zikatangazwa ahadi za dola bilioni 5.4. Si zote zilikuwa za Gaza. Benki ya Dunia, iliyofuatilia ahadi hizo mhisani mmoja mmoja, ilihesabu dola bilioni 3.5 za Gaza. Qatar iliahidi kiasi kikubwa zaidi, dola bilioni 1.

Hadi majira ya kuchipua ya 2015, kilicholipwa kilikuwa zaidi kidogo ya robo. Katikati ya 2016, karibu miaka miwili baada ya mkutano, kilikuwa asilimia 46.

Athari yake ilionekana mapema. Januari 2015, UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina, lilisimamisha msaada wa fedha za kukarabati nyumba na kulipia kodi. Nyumba za familia za wakimbizi zaidi ya 96,000 zilikuwa zimeharibika au kubomolewa. Zilihitajika dola milioni 720. Zilizoahidiwa shirika hilo zilikuwa milioni 135 tu. Familia zilibaki kwenye baridi ya msimu huo huku dunia ikidhani zimeshasaidiwa.

Fedha pia si kikwazo pekee. Saruji na nondo ziliingia Gaza kwa utaratibu maalumu wa ukaguzi uliokubaliwa na Israel, Mamlaka ya Palestina na Umoja wa Mataifa. Hata mwenye fedha mkononi alisubiri zamu yake.

Maswali ya kuuliza

Unaposikia kiasi kimetangazwa, uliza:

- Ni ahadi, au zimeshalipwa?
- Ni fedha mpya, au za bajeti ya zamani zimehesabiwa tena?
- Ni za mwaka mmoja au za miaka mingi?
- Ni za kujenga, au za mishahara na bajeti ya serikali?
- Zinapitia kwa nani, na nani anatoa hesabu?

Maswali haya yana uzito zaidi sasa. Februari 2025, Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya walikadiria kuwa ujenzi mpya wa Gaza ungehitaji zaidi ya dola bilioni 53.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangazo la mabilioni lisikuzuie kutoa sadaka ukidhani haja imekwisha. Na unapotoa, kuanzia michango ya msikitini kwako, omba hesabu ileile: kilichokusanywa, kilichopelekwa na kilichofika. Ahadi ni deni, na mchango ni amana.