Mababu wa Mgambo, Sehemu ya 3: Tafuta Faili la Mjane

Leo naongea hasa na nyie mlioolewa Marekani. Mtoto karudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, na upande wa baba mnasikia tu eti kuna babu alipigana Vita vya Uhuru. Inaweza kuthibitishwa, ila ujue karatasi ipi ya kutafuta.

Vita vilianza 1775, vikaisha 1783. Wengi waliopigana walikuwa mgambo: wakulima na mafundi walioitwa kwa wiki au miezi michache, kisha wakarudi shambani. Ndiyo maana orodha zao ni fupi mno: jina, kapteni, siku alizotumikia, basi. Mke hayumo, watoto hawamo. Tena Novemba 1800 ofisi ya Wizara ya Vita iliungua, nyaraka nyingi zikateketea. Ukikuta John Smith usishangilie haraka, maana akina John Smith walikuwa wengi. Linganisha kwanza kapteni na mji alioishi babu yenu.

Utajiri wenyewe uko kwenye mafaili ya pensheni. Sheria ya 1832 iliwaingiza na mgambo waliotumikia angalau miezi 6. Mzee alikula kiapo mahakamani, akaeleza alizaliwa wapi, aliitwa lini, nani alimwongoza. Mwaka 1836 wajane nao wakapata nafasi, mradi waliolewa kabla mume hajamaliza utumishi wake.

Sasa bibi wa miaka 80 athibitishe vipi ndoa, na cheti hana? Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia, ule wenye tarehe ya ndoa na ya kuzaliwa kila mtoto, wakautuma serikalini. Fikiria, mama anatoa karatasi pekee yenye majina ya wanawe ili apate hela ya kula. Kurasa hizo zipo hadi leo Nyaraka za Taifa, Washington.

Sarah Osborn alitoa ushahidi wake 1837, akiwa na miaka 81. Mumewe alikuwa jeshi la kudumu, si mgambo, lakini utaratibu ni uleule. Alieleza alivyowapikia na kuwafulia askari, na kule Yorktown mwaka 1781 akawapelekea nyama, mikate na kahawa kwenye mahandaki. Asingeomba pensheni, nani angejua?

Ukitafuta, angalia herufi ya faili. S ni askari aliyeomba mwenyewe. W ni mjane. R ni ombi lililokataliwa, na hilo usiliruke kabisa! Pengine miezi 6 haikutimia tu, lakini majina ya familia yamo.

Na usianzie 1775. Anzia kwa mkwe wako: mpigie leo, andika jina kamili la mama yake, alikozaliwa, na ndugu zake wote kwa mfuatano. Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja.

Sehemu ya 4 tutasoma faili moja pamoja. Mtumie mwenzio mwenye mtoto wa shule.