Nani Anachagua Kwanza? Historia ya Kuchagua Wachezaji Katika Nchi ya Shaba

Merkato ikifunguka, simu za redio hazilali. Wa Mazembe anapiga kuuliza mshambuliaji mpya atafika lini. Wa Lupopo anapiga kumjibu wa Mazembe. Na hakosekani mmoja wa hapa Kolwezi anayeuliza: na sisi tumebakishiwa nani? Ndugu wasikilizaji na wasomaji, swali hilo si la mchezo. Tukilifuata nyuma tunakuta historia yetu yote: kampuni, kabila, pesa.

Tuanzie mbali kidogo. Wamarekani wana utaratibu unaoitwa drafti. Vijana wanaotoka vyuoni wanawekwa katika orodha moja, na timu zinachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia mwaka uliopita inachagua mbele, bingwa anangoja nyuma. Walianza mwaka 1936 katika mpira wao wa kushika mkononi. Kijana wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata siku moja katika ligi ile.

Wana wetu pia wamepita katika mlango huo. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa nne na Denver mwaka 1991 katika basketi. Mwaka 2009, katika mpira wa miguu, wa kwanza kabisa kuitwa jina alikuwa Steve Zakuani, naye mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia London. Waliomchukua ni Seattle, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia ligi. Yaani mgeni asiye na kitu alipewa nafasi ya kuchagua kwanza.

Kwetu zamu hiyo haipo. Kwetu anachagua kwanza mwenye nguvu, na nguvu hiyo imebadilisha sura mara tatu.

Sura ya kwanza ilikuwa kampuni. Mji wa Kolwezi ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937. Miaka miwili baadaye, 1939, mapadri Wabenediktini waliunda Élisabethville timu tunayoiita leo TP Mazembe. Zamani ilibeba jina la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka huohuo wa 1939 ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, na mpaka leo mashabiki wake wanaitwa watu wa reli. Baba aliandikwa kazini, akapewa nyumba kampini na posho. Mtoto akasoma shule ya kampuni na kucheza katika kiwanja cha kampuni. Jicho lililomchagua fundi lilikuwa jirani na jicho lililomchagua beki.

Matunda yalionekana. Mwaka 1967 na 1968 Englebert walichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka huo wa 1968, kule Ethiopia, timu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika kwa kuifunga Ghana 1-0, na mfungaji alikuwa Pierre Kalala wa Englebert. Mwaka 1974, Zaire ilipokwenda Kombe la Dunia Ujerumani, Mazembe ilitoa kipa Kazadi Mwamba na mabeki Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga. Bwanga alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973.

Angalieni majina hayo. Kalala, Kazadi: ni majina ya Kiluba, yanasikika Katanga na yanasikika Kasai. Uwanjani hakuna aliyeuliza babu yao alishuka kwenye treni gani.

Sura ya pili ndiyo mbaya, na lazima isemwe. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, ilidhoofika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mshahara ukaanza kuwa hadithi. Njaa ilipoingia, wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1992 kule Likasi, na 1993 hapa Kolwezi, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao. Watu walilala katika stesheni wakingoja treni. Wengine, watoto hasa, hawakufika. Wengi wao walizaliwa hapa, na kaburi la baba yao liko hapa.

Msomaji atauliza: hayo yanahusu nini mpira? Yanahusu sana. Kumfukuza jirani kwa sababu ya jina lake ni kuchagua pia. Ni kupanga kikosi kwa kuangalia ukoo, si miguu. Mtaa ukiondolewa familia zake, timu ya mtaa inaondolewa kipa wake, kocha wake, na mzee aliyekuwa akinunua mpira. Kwangu mimi kama shabiki, hakuna uchaguzi uliotugharimu kuliko huo.

Sura ya tatu ni pesa. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997, na timu ikaanza kununua nje ya mipaka. Walikuja Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu. Alikuja Solomon Asante wa Ghana. Mabingwa wa Afrika 2009, tena 2010, na mwaka huo wa 2010 wakafika fainali ya dunia ya vilabu Abu Dhabi, wakafungwa na Inter 3-0. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yao.

Mkiniuliza chaguo lao bora, sitasita: Mbwana Samatta. Mwaka 2011 Mazembe walikutana na Simba ya Dar es Salaam, wakamwona kijana huyo akiwasumbua, wakarudi kumchukua. Hawakumchukua kwa picha ya video wala kwa maneno ya wakala. Mwaka 2015 wakawa mabingwa tena, USM Alger akilala 4-1 kwa jumla ya mechi mbili, na Samatta miongoni mwa wafungaji. Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Hivyo ndivyo kuchagua: unaona kwa macho, unalea kwa miaka, unauza kwa heshima.

Sasa turudi Kolwezi. AS Simba yetu haina mfuko wa kushindana na Lubumbashi. Kijana akichanua Manika au Dilala, anaondoka, na hatumlaumu. Lakini tangu 2001 sheria za FIFA zinasema hivi: mchezaji akivuka mpaka kwenda kucheza kwa malipo, timu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 21 zinaweza kudai fidia ya malezi. Na akiuzwa nje kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Hata timu ndogo ya mtaa ina haki, mradi iwe imeandikishwa, na mchezaji awe na lisensi ya kila msimu.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Familia zilizohamishwa Kasulo mwaka 2017, zilizoondolewa Cité Gécamines mgodi ulipopanuka, na zile zilizofika huku zikikimbia vita, zinahama na masufuria na magodoro. Karatasi za mtoto zinabaki nyuma. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapati lisensi. Asiye na lisensi anaweza kufunga magoli 30, na siku akichukuliwa itakuwa kama hakuna mtu Kolwezi aliyewahi kumfundisha kupiga mpira.

Kwa hiyo baba na mama, hata kama nyumba yenu imehesabiwa ili ivunjwe, wekeni cheti cha mtoto pamoja na kadi ya uchaguzi. Makocha wa mitaa, mwandikeni kila mtoto kila msimu, jina lake na tarehe yake, bila kuuliza wazee wake walitoka wapi. Drafti ya Marekani haitakuja Lualaba. Daftari la kocha na kalamu yake vipo, na timu ya mwisho mkoani inaweza kuvitumia sawa na bingwa.