Sarcophyton

Sarcophyton ni jenasi ya matumbawe laini yenye umbo la uyoga, iliyoenea katika Bahari ya Hindi, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki, na magharibi mwa Pasifiki. Kila polipi yake ina minyiri minane. Tumbawe hili hupendwa na wanaofuga matumbawe katika matangi ya majumbani kwa sababu ni gumu kufa, ingawa sifa hiyo huwadanganya wengi.

Adui mkubwa katika tangi dogo ni uvukizi. Maji huondoka, chumvi hubaki: tangi la lita 60 likipoteza lita 3, chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 37. Kinachoongezwa hapo ni maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, si maji ya chumvi. Joto lisiyumbe, nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zinatosha.

Chakula chake kingi hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya tishu zake, hivyo taa ni ya lazima.

Mara kwa mara tumbawe hufunga polipi zake zote, likang'aa kama lililopakwa nta. Halijafa. Linajivua utando wa juu pamoja na uchafu na mwani ulionata, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Linachohitaji wakati huo ni mkondo mzuri wa maji wa kuuondoa utando huo, wala lisishikweshikwe.

Sarcophyton pia hutoa kemikali zinazodumaza matumbawe magumu ya jirani. Mkaa amilifu kwenye chujio, ukibadilishwa mara kwa mara, huzipunguza.