Miguu Peku, Raba na Viatu vya Bamba: Historia Fupi ya Mbio Ndefu



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu, nilidhani nitaandika juu ya reli au juu ya meli ya Liemba, maana hayo ndiyo mambo ambayo sisi watu wa Kigoma huulizwa kila tuendako. Nimebadili nia kwa sababu ya mabishano yaliyozuka Kibirizi Jumamosi moja asubuhi, nami nikiwa miongoni mwa wabishi.

Sisi ni kikundi kidogo cha wakimbiaji wa ridhaa. Hatulipwi na mtu, wala hatuna kocha. Baadhi yetu ni wastaafu, wapo walimu, yupo fundi wa injini za maboti, na wanafunzi wachache hutufuata. Tunaanzia stesheni ya Kigoma na kupanda mlima hadi Mwanga. Wenye pumzi huendelea hadi Ujiji na kurudi. Sisi wengine tunageuzia njiani. Mwisho wetu sote ni Kibirizi, penye maboti yaendayo Gombe na vijiji vya kaskazini. Hapo tunakaa mchangani, pembeni ya dagaa walioanikwa, tunanyoosha miguu na kuzungumza juu ya mazoezi, mashindano na viatu.

Jumamosi hiyo alikuwapo kijana wa kidato cha tatu, mwepesi kuliko sote. Baada ya kuniamkia "shikamoo babu" nami kuitikia, nilimwuliza kama amejiandikisha kwa majaribio ya timu ya UMISSETA. Akasema hapana. Hana viatu vya bamba, vile vya soli nene wanavyovaa mabingwa, na haoni maana ya kwenda kushindwa. Mama yake huanika dagaa papo hapo Kibirizi, na kijana alikuwa amekwisha kumwomba atoe mtaji wake ili avinunue.

Tuligawanyika. Fundi wa injini alisema waziwazi kwamba mama atoe, kwa kuwa siku hizi bila kiatu huambulii kitu. Mimi nikasema historia haisemi hivyo. Wakanicheka, wakaniambia, basi iandike hiyo historia. Nimeiandika.

UMBALI SI MGENI KWETU

Kwanza niondoe usemi mmoja niliousikia tangu nikiwa mwanafunzi, kwamba mbio ndefu ni za watu wa Mbulu na Singida, na sisi wa ziwani kazi yetu ni kasia. Ni kweli kwamba nyanda za juu zina faida yake. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili uliozoea hewa hiyo huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Ziwa letu liko mita 770 hivi tu juu ya usawa wa bahari.

Lakini tukumbuke kwamba Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita njia hiyo kwa miguu wakibeba mizigo ya kilo 30 hivi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Majina yao yamo vitabuni. Ya wengi waliowabebea mizigo hayamo, ingawa nao walikwenda mwendo uleule. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi hiyo ikafifia. Simwiti mpagazi mwanariadha, maana hakwenda kwa kujifurahisha. Nasema tu kwamba umbali si mgeni katika ardhi hii.

WALIOKIMBIA KWA RIDHAA

Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa hiari yake bila malipo. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya riadha duniani. Chama cha kimataifa cha riadha, kilichoundwa mwaka 1912, kilimfungia mkimbiaji aliyepokea fedha. Paavo Nurmi wa Ufini, mwenye medali 9 za dhahabu za Olimpiki, alizuiwa kukimbia Los Angeles mwaka 1932 kwa tuhuma hiyo. Ndiyo sababu wakimbiaji wetu wa mwanzo walikuwa watu wenye shughuli nyingine za kuwalisha.

John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana kwa siku moja, tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Mexico City. Alianguka njiani akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, giza limeshaingia na watu wengi wamekwenda zao. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Kila mwanafunzi ameisikia habari hiyo. Wachache wanajua kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano. Hakuwa mtu wa kushindwa aliyesifiwa kwa huruma. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na ajali.

Kisha akaja Filbert Bayi, askari wa JWTZ. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu bunduki ilipolia mpaka kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani. Mwaka 1975 mjini Kingston, Bayi akachukua na rekodi ya maili. Dunia ikangoja wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki. Walker akapata dhahabu, Bayi akabaki nyumbani. Mimi naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini wanafunzi wafahamu kwamba gharama yake ililipwa na mtu mmoja mwenye miguu iliyokuwa katika ubora wake, na miguu haina akiba ya miaka minne.

Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha nne, na habari za Moscow tulizipata redioni. Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza mbali sana, akapitwa katika mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Baada ya hapo sheria ya ridhaa ilianza kulegea. Kuanzia mwaka 1982 wakimbiaji waliruhusiwa kuwekewa fedha katika mifuko maalumu, mwaka 1986 Boston ikaanza kutoa zawadi za fedha, na mwaka 2001 chama cha kimataifa kikaliondoa neno "ridhaa" katika jina lake. Juma Ikangaa, naye askari, alikimbia katika kipindi hicho. Mwaka 1988 huko Boston alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, baada ya kilomita 42. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka mwaka 2001.

Na tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, askari mwingine wa JWTZ, alitwaa marathoni ya Mashindano ya Dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa 2:09:48 wote wawili. Picha ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

HABARI YA KIATU

Wanaotetea miguu mitupu humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 peku kwa saa 2:15:16. Ni kweli, lakini husahau kwamba viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na kwamba nyayo zake zilikwisha kuzoea. Mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2:12:11. Bikila hakuwa na itikadi ya kukimbia peku. Alitumia kilichomfaa siku ile.

Raba za zamani zilikuwa kitambaa na soli nyembamba ya mpira. Katika miaka ya 1970 viwanda vilianza kuweka povu laini chini ya kisigino ili kupunguza mshindo. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, Nike ilipouza Vaporfly, kiatu chenye povu jepesi linalorudisha nguvu na bamba gumu la kaboni ndani ya soli. Waliokipima katika Chuo Kikuu cha Colorado waliona kwamba, kwa wastani, mkimbiaji alitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 hivi kwa mwendo uleule. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna akiwa na viatu vya jamii hiyo, ingawa haikuhesabiwa rekodi kwa jinsi mbio zenyewe zilivyopangwa. Mwaka 2020 wakuu wa riadha waliweka mpaka: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu.

Kwa hiyo fundi wetu hakusema uongo. Kiatu kinasaidia. Lakini asilimia 4 ya nguvu si asilimia 4 ya muda. Faida ya muda ni ndogo zaidi, na si kila mguu huipata sawasawa. Tena povu lile huchoka mapema kuliko raba ya kawaida, na jozi ya mtumba inaweza kuwa imekwisha kazi yake kabla haijafika soko la Mwanga. Mtu anayepishana na mwenzake kwa sekunde 0.03 ana sababu ya kukitafuta. Kijana ambaye hajafanya mazoezi ya miezi sita mfululizo bado ana dakika nzima nzima za kuokota njiani bila kulipa senti.

DAKIKA ZINAKOPATIKANA

Emil Zátopek wa Czechoslovakia, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja mwaka 1952, alirudia mita 400 mara nyingi kwa siku, wakati mwingine akiwa na mabuti ya jeshi. Arthur Lydiard wa New Zealand aliwafundisha wakimbiaji wake kujenga msingi kwanza, kilomita 160 kwa wiki, ndipo waje kwenye kasi. Mwanafunzi asijaribu wingi huo, lakini achukue kanuni zake: wingi kabla ya kasi, na kupumzika baada ya kazi. Kibirizi ina mchanga wa kuimarisha vifundo vya miguu, mlima wa Mwanga ni wa mapaja, na barabara ya Ujiji ni ya pumzi. Akimbie alfajiri kabla jua halijachoma, siku nne au tano kwa wiki, moja tu kati ya hizo iwe ya kasi.

JIBU LANGU

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema siku ile. Mwaka 1979 nilichaguliwa kukimbia mita 5,000 nje ya wilaya. Sikuwa na raba, nikaona aibu, nikasema naumwa tumbo. Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu alikwenda peku, akarudi na nafasi ya tatu na nyayo zilizochanika, akachechemea wiki mbili. Huyo ndiye fundi wa injini anayetaka kijana anunuliwe viatu. Nilipomkumbusha hayo, aliniambia, "Ndugu yangu, wewe ulikaa. Mimi najua lile changarawe." Sikuwa na la kumjibu.

Basi nimejifunza kwamba sote wawili tulikuwa na sehemu ya ukweli. Mtoto asikimbie peku juu ya changarawe ili sisi wazee tupate hadithi ya kusimulia. Lakini pia mama asitoe mtaji wa dagaa kwa ajili ya bamba la kaboni. Kinachotakiwa ni raba nzima, inayomkaa, ya kumkinga mguu, kisha miezi ya kazi. Fundi na mimi tumechanga tukamnunulia jozi hiyo, naye amejiandikisha. Mama yake hajaguswa mtaji wake.

Lakini wapo wengine kama yeye darasani. Kwa hiyo naleta ombi hili mbele ya mkutano: kila mmoja wetu atakayekuja alete jozi moja ya raba nzima, saizi yoyote, na shule iziweke katika sanduku la mwalimu wa michezo, ziazimwe kama vitabu vya maktaba. Mimi ninaanza na jozi mbili. Moja ni ya mwaka huu. Nyingine ni ya mwaka 1979.