Saa ya Kanzu

Nina saa tatu. Ya kwanza ni ya plastiki nyeusi, ya namba. Hiyo naivaa nikienda mazoezi au nikijua nitapanda matatu usiku. Ya pili ina mkanda wa ngozi ya kahawia, inaendana na viatu vyangu vya ofisini. Niliinunua Nairobi kando ya barabara, na jina lililoandikwa usoni mwake mimi mwenyewe siliamini. Ya tatu ilikuwa ya Babu.

Mwezi wa nane nilishuka Garsen kwa harusi ya binamu yangu. Asubuhi ya nikaha nikatoka chumbani nimejipanga: kanzu nyeupe, kofia ya vito, na saa ya Babu mkononi. Mama akaniangalia mara moja tu.

“Vua hiyo.”

“Mama, ni ya Babu.”

“Naijua kuliko wewe. Kioo kimekwaruzika chote. Kanzu safi hivyo halafu mkono kama wa mtu ametoka kuchimba mtaro? Kavae ile nyingine.”

Nikavaa ile ya ngozi. Si ati nilikubali, lakini asubuhi ya harusi hubishani na mama. Ila njia nzima kwenda msikitini nilikuwa nikijiuliza: ni lini mkono wa mtu wa huku kwetu ulianza kuhitaji saa ndipo nguo ikamilike?

Maana wakati wenyewe tulikuwa nao kitambo. Kiswahili kiliugawa mchana na usiku kabla mtu yeyote hajafunga chuma mkononi: majogoo, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi. Na kuna neno moja ambalo vijana wa mjini wamelisahau, mafungulia ng’ombe, yaani ile saa mbili au saa tatu asubuhi mifugo inapotolewa kwenda malishoni. Sema neno hilo Nairobi, watu watakukodolea macho. Sema Tana River, ambako Waorma wamechunga ng’ombe kwa vizazi, na hakuna atakayeuliza unamaanisha nini.

Hesabu yetu ya saa nayo imetoka palepale, kwenye jua. Likishachomoza unahesabu moja, mbili, tatu. Wahabeshi huhesabu vivyo hivyo. Huku hesabu hiyo haikuangushi, kwa sababu Garsen iko digrii mbili na kidogo tu kusini ya ikweta, na mchana wa Januari na mchana wa Julai karibu ni sawasawa. Anayesema Waswahili husoma saa kinyume aulizwe kwanza siku yake yeye huanza na nini. Saa sita ya usiku, watu wamelala, ndiyo mwanzo wa siku? Haya.

Shida ilikuja uso wa saa ulipofika, umechorwa na watu wa hesabu nyingine. Tukatafuta njia: soma namba ya upande wa pili. Mshale mfupi ukielekea 3, wewe sema tisa. Ukielekea 1, sema saba. Mtoto wa Pwani hulijua hili kabla ya kujua kugawanya. Wengine hawakutaka hata hiyo njia ya mkato. Unguja, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na baada ya jumba hilo kukarabatiwa mwaka 1897 likawa na mnara wa saa mbele yake. Saa ile iliwekwa kwa hesabu ya Kiswahili. Mgeni aliyeshuka melini alisimama chini yake akadhani imeharibika. (Mnara huo ulianguka Desemba 2020, pamoja na sehemu ya mbele ya jumba.)

Ukarabati wenyewe ulitokana na mabomu. Agosti 27, 1896, Waingereza walimpa Sayyid Khalid mpaka saa tatu asubuhi ateremshe bendera na kutoka kwenye kasri. Saa tatu ikapita. Dakika mbili baadaye mizinga ikalia, na vita haikumaliza hata saa moja nzima. Mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa. Nikiwaza habari ya dakika kufika ukanda huu, nawaza zile mbili.

Kisha serikali ikaja na jambo ambalo mimi bado nalicheka. Saa rasmi ya Kenya ilihamahama kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Mwaka 1929 ilikuwa saa 3 kamili mbele ya Greenwich. Mwaka 1935 ilikuwa saa 2 na nusu. Mwaka 1941 ilikuwa saa 2 na dakika 45. Baadaye ikarudi kwenye 3, na ndiyo tunayoishi nayo leo pamoja na Tanzania na Uganda. Sasa chukua ramani. Garsen iko karibu digrii 40 mashariki, na jua hutembea digrii moja kwa dakika 4. Piga hesabu: jua la Garsen liko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 40 hivi. Kwa hiyo ile saa ya 1941, ambayo kila mtu angeiona ya ajabu, ndiyo iliyokaribia kabisa jua letu. Leo adhuhuri ya Garsen inafika wastani wa saa sita na dakika 20 kwenye simu yako. Mtu wa Tana akichelewa dakika 20 kwenye kikao, mwache, anafuata jua.

Tukija kwa mkono sasa. Ulaya, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume wa heshima alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kama bangili, pambo la wanawake. Cartier alimtengenezea rafiki yake rubani, Alberto Santos-Dumont, saa ya mkononi mwaka 1904, kwa sababu huwezi kushika usukani wa ndege huku ukipapasa mfuko. Halafu vita ikaja, na maafisa kwenye mahandaki wakafunga saa mikononi ili washambulie kwa dakika moja. Waliporudi nyumbani wakiwa nazo, hakuna aliyethubutu kuwaambia wamevaa bangili.

Kwetu, waliotangulia kuishi kwa saa walikuwa watu wa kazi fulani. Wamisionari wa Neukirchen walifika Ngao miaka ya 1880, na misheni ni kengele: kengele ya ibada, kengele ya shule. Baadaye karani wa ofisi ya DC, mwalimu, mganga wa zahanati. Ukimwona mtu ana saa ulijua ana mwajiri. Saa ilikuwa kipande cha sare, kama kaptura iliyopigwa pasi. Mkulima wa mpunga ukingoni mwa mto angeitakia nini? Mto wenyewe haukuwa na saa. Ulifurika ulipotaka.

Kwa hiyo mkulima aliponunua saa, hakuinunua ili ajue wakati. Hapa ndipo Babu anapoingia.

Babu alikuwa mtu wa shamba, ametoka upande wa juu wa mto akateremka Garsen enzi magari ya Lamu yakivushwa Tana kwa pantoni, kabla ya daraja. Miaka ya 70 aliuza maembe vizuri msimu mmoja, akaenda Mombasa, akarudi na Seiko 5. Kama hujaijua: Seiko walianza kuzitoa mwaka 1963, saa ya chuma isiyoogopa maji, yenye kidirisha cha siku na tarehe, haina betri wala haitiwi ufunguo. Mkono ukitikisika, inajitia yenyewe. Mwenye duka alimtolea kwanza ya rangi ya dhahabu. Babu akaikataa, dhahabu si ya mwanamume. Akaambiwa ni rangi tu, mzee. Akajibu kwamba watu wa msikitini hawatabeba nyundo kuja kupima. Akachukua ya fedha, ambayo kwa kweli ndiyo inayokubali na kanzu nyeupe. Jicho alikuwa nalo.

Aliiita saa ya kanzu, na sheria zake zilikuwa chache. Ijumaa, Idi, harusi, mazishi, na kwa chifu. Siku nyingine ilining’inia kwenye msumari juu ya kitanda. Shambani hakwenda nayo. Kule alivaa fulana na kikoi kilichochakaa, na wakati aliusoma kwenye kivuli cha mwembe. Sasa, saa kama hiyo ikiwekwa chini hukaa takriban saa 40 halafu inasimama. Hivyo saa ya kanzu ilikuwa hai siku mbili kwa wiki. Kila Ijumaa asubuhi Babu aliitikisa kama mtu anayechanganya dawa, akangoja zile pipi za redio kabla ya taarifa ya habari, akaiweka sawa, akazungusha na kidirisha cha siku mpaka Jumatano za watu zipite. Sisi wajukuu tulipanga foleni kutazama.

Najua utasema huo ni ushamba. Lakini hebu fikiria wewe una saa ngapi na unazivaa kwa nini. Simu iko mfukoni, inajua wakati kuliko Seiko yoyote. Juni 2024, wenzetu walipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mitandaoni watu walikuwa wakivuta karibu picha za waheshimiwa kukadiria bei za saa zao. Hakuna aliyeuliza kama zinaenda sawa. Babu angeelewa mchezo huo haraka sana. Saa ilisema: leo sikuja kama kibarua, nimekuja kama mtu.

Halafu ikaja 2012.

Magomvi ya malisho na maji kati ya Wapokomo na Waorma ni ya zamani, na yameandikwa kwingine na wanaojua zaidi. Agosti mwaka ule zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, na baada ya hapo serikali ikatangaza kafyu Tana River: magharibi mpaka alfajiri.

Tazama maneno hayo. Magharibi, alfajiri. Ni maneno ya jua, ya babu zetu, ya muadhini. Lakini jua hutua polepole, na mtu mwenye bunduki hawezi kufanya kazi na kitu cha polepole. Magharibi ikawa ni vile saa ya aliyesimama barabarani inavyosema. Kivuli cha mwembe hakikuwa tena ushahidi.

Wiki ile Babu aliitoa saa ya kanzu kwenye msumari akaenda nayo shambani. Mimi nilikuwa nimefunga shule, nilimwona. Fulana iliyotoboka, kikoi cha matope, jembe begani, na ile saa inang’aa mkononi kama kitu cha kuazima. Bibi alisema, “Utaiharibu.” Babu akasema anataka kujua amebakisha mistari mingapi ya kupalilia kabla ya kurudi. Aliivaa kila siku, miezi mingi. Haikusimama tena hata mara moja. Mpini wa jembe, udongo, matawi, mawe ya kingo za mfereji, vyote vilipita juu ya kile kioo. Mikwaruzo ambayo Mama hakutaka ionekane harusini ni ya miezi hiyo.

Utulivu uliporudi niliitegemea irudi msumarini. Haikurudi. Aliivaa hivyohivyo, na kanzu na bila kanzu, mpaka alipofariki 2016.

Niliwahi kuipeleka kwa fundi saa Mombasa. Aliiweka chini ya lenzi akasema mashine ni nzima, inachelewa kidogo tu, na kioo kipya si bei, angekibadilisha nikienda kunywa chai. Nilikunywa chai, nikarudi nikamwambia aache.

Harusini, nikaha ilipangwa saa nne. Ikafungwa saa sita kasoro, na kila mwanamume mle ndani alikuwa na saa. Nilizihesabu, nifanye nini? Dhahabu kwa bwana harusi mwenyewe, zawadi ya kaka yake aliyeko Qatar. Wazee wawili walinong’ona, hakuna aliyesema. Za plastiki kwa vijana wa boda. Moja kubwa kama kifuniko cha sufuria, ya mgombea wa udiwani.

Baada ya chakula mzee mmoja wa Kiorma akaja kukaa karibu nami. Zamani alimletea Babu maziwa, akaondoka na maembe. Baada ya 2012 miaka ilipita bila kumwona. Alinishika mkono kunisalimia, hakuuachia. Akaugeuza, akaitazama ile saa ya ngozi.

“Ya mzee iko wapi?”

“Iko nyumbani, baba.”

“Inaenda?”

“Ikitikiswa.”

Akatikisa kichwa. “Ilikuwa inachelewa dakika tano ile. Nilikuwa namwambia, hasikii.” Kisha akauliza saa ngapi sasa, nikamwambia tisa kasorobo. Akainua macho nje ya turubai, akaangalia jua, akasema bado, bado kidogo.

Jioni niliitikisa saa ya Babu, nikaiweka sawa na simu, nikaivaa na tishati kwenye basi la usiku. Mama aliiona nikipanda. Hakusema kitu, alinipa tu mfuko wa maembe.