ILE PICHA YA KILIMA CHA KIJANI KWENYE KOMPYUTA ZA ZAMANI, KUMBE NI SHAMBA LILILOKUFA!

Kama ulisoma shule yenye chumba cha kompyuta, au uliwahi kulipia nusu saa intaneti kafe, hii picha unaijua. Kilima cha kijani, anga la bluu, mawingu meupe. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata mbuzi. Shuleni kwetu kompyuta zilikuwa sita, zinazowaka mbili, na wakati tunagombania mausi hiyo picha ndiyo ilikuwa inatukaribisha. Tulibishana sana. Wengine walisema ni Uswisi, wengine wakasema imechorwa na kompyuta yenyewe maana nyasi za hivyo duniani hazipo. Mimi nilikuwa kwenye kundi la imechorwa. Nilichemsha vibaya, wadau.

Picha ni ya kweli kabisa. Ilipigwa Januari 1996 huko Sonoma, California, Marekani. Aliyeipiga anaitwa Charles O'Rear, jamaa aliyefanya kazi miaka mingi na jarida la National Geographic. Siku hiyo wala hakuwa kazini. Alikuwa anaendesha gari kutoka kwake St. Helena, bonde la Napa, anaenda kumuona mpenzi wake (baadaye alimuoa, kwa hiyo mafuta hayakupotea bure). Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kule Januari ni msimu wa mvua, ila ukienda wakati wa kiangazi vilima hivyo hivyo vinakuwa vya kahawia kama Dodoma mwezi wa nane. Akakiona kilima pembeni ya barabara, akapaki, akatoa kamera, akapiga picha chache, akaendelea na safari yake ya mapenzi.

Kwa wale wa kamera: alitumia Mamiya RZ67, lile dude zito la mkanda, na mkanda wenyewe ulikuwa Velvia wa Fuji, unaosifika kwa kukoleza kijani na bluu. Miaka yote O'Rear anasema hakuiediti. Kama kuna filta, basi ilikuwa ndani ya mkanda.

Sasa swali ambalo sisi hatukuwahi kujiuliza pale shuleni: hizo nyasi zilikuwa zinafanya nini pale?

Kile kilima hakikuwa mbuga wala uwanja wa gofu. Lilikuwa eneo la mashamba ya zabibu. Sonoma na Napa watu wanaishi kwa zabibu za mvinyo, ni kama Dodoma yao. Na miaka hiyo walikuwa wamevamiwa na filoksera, mdudu wa jamii ya vidukari, mdogo hata kumuona ni shida, anayeshambulia mizizi ya mzabibu mpaka unakufa umesimama. Huyu mdudu ana historia ndefu. Asili yake ni Amerika, na miaka ya 1860 alivuka bahari na miche mpaka Ufaransa akamaliza mashamba kwa mashamba. Waliokoka kwa ujanja mmoja: kuubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani ambalo limemzoea mdudu.

California nao walibebesha, ila wengi walitumia shina linaloitwa AXR1. Linazaa vizuri, wataalamu walilisifia, tatizo ni kwamba mzazi wake mmoja ni mzabibu wa Ulaya. Miaka ya 1980 mdudu akalishinda. Dawa ya kunyunyiza ikaponya? Hakuna. Ni kung'oa, kuchoma, kupanda upya, halafu kusubiri kama miaka mitatu ndio uanze kuona matunda. Kati ya kung'oa na kupanda, ardhi inakaa tupu. Mvua ikija, nyasi zinaota.

O'Rear alipita kipindi hicho. Angepita miaka kadhaa nyuma angekuta nguzo, waya na mizabibu.

Hapa naomba niingize stori yangu kidogo. Mwaka juzi nilienda Kagera kwa bibi. Kibanja chake kiliingiwa na ule mnyauko wa migomba, ikabidi upande mmoja wote migomba ikatwe na kung'olewa. Nilipofika palikuwa pameota nyasi laini, asubuhi kuna ukungu, jua linachomoza nyuma. Nikapiga. Nikaposti na maneno ya amani ya kijijini, laiki zikamiminika kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka. Nikampelekea bibi simu aone.

Akaiangalia muda mrefu. "Mjukuu wangu, mbona umepiga pale pabaya?"

"Bibi, watu wamepapenda sana."

"Wamependa nini? Majani?"

Akaanza kunionyesha kwa kidole juu ya kioo: hapa palikuwa na mgomba wa kupika, hapa wa pombe, hapa ule aliopanda mama yako akiwa darasa la tano. Nilikosa cha kusema.

Turudi California. Picha ilikaa kwenye maktaba ya picha ya Corbis, kampuni ya Bill Gates, na mwaka 2000 Microsoft wakaitaka yote, haki zote. Thamani yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba makampuni ya kusafirisha vifurushi yaligoma kuubeba mkanda halisi, ikabidi O'Rear akatiwe tiketi ya ndege aupeleke mwenyewe mpaka Seattle. Mkataba unamkataza kutaja alilipwa kiasi gani. Windows XP ikatoka tarehe 25 Oktoba 2001, picha ikapewa jina Bliss, yaani raha tele. Kwenye toleo la Kiholanzi waliiita Ireland! Kilima cha Sonoma kikanyang'anywa hadi nchi yake.

Kila stori hii ikisimuliwa anatajwa mpiga picha, inatajwa kampuni, inatajwa hadi kamera. Aliyeng'oa mizabibu pale hatajwi.

Mwaka 2006 wasanii wawili wa Sweden walikifuata kilima wakapiga picha palepale. Mizabibu ilikuwa imerudi, imepangwa mistari kote. Picha ya kawaida tu, ukiiona mtandaoni unapita.

Mwezi wa tatu bibi alinipigia simu. Miche mipya imeshika, na ameniagiza nikija nipige tena, ila safari hii nisimame upande wa jikoni, ndiko inakoonekana vizuri.