Mali Kwanza, Mapafu Baadaye: Historia ya Kuchuja Hewa ya Karakana

Mwenye karakana anayekwenda kununua chujio la mfumo wake wa kupasha joto na kupooza hewa huwa na maswali matatu mdomoni: vipimo vyake ni vipi, bei yake ni kiasi gani, na litakaa miezi mingapi kabla ya kubadilishwa. Ni maswali halali, lakini kabla ya hayo yote ingefaa aulize chujio hilo lilibuniwa kumkinga nani. Historia ya karne mbili zilizopita, hasa ya Uingereza na Marekani ambako viwanda vya mashine vilitangulia, inaonyesha kwamba hewa ya mahali pa kazi ilisafishwa kwanza kwa ajili ya mali: karatasi isijikunje, uzi usikatike, kinu kisilipuke, feni isizibe. Pafu la mfanyakazi lilifikiriwa mwisho, na mara nyingi kwa shinikizo la sheria. Mpangilio huo haujafutika. Umo ndani ya machujio yanayouzwa leo, na asiyeujua atanunua kinga ya mashine akidhani amenunua kinga ya watu.

Wako watakaosema kwamba wazee wa viwanda hawakujua madhara ya vumbi, hivyo si haki kuwalaumu. Ushahidi unakataa. Katika karne ya kwanza Pliny wa Roma aliandika kuhusu wafanyakazi wa madini mekundu ya zebaki waliojifunika uso kwa vibofu vya wanyama wasivute vumbi lake. Mwaka 1556 kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji kilieleza shela za kufunika uso migodini, na kikataja wanawake wa milima ya Carpathia waliofiwa na waume hata saba kwa sababu ya vumbi la migodi. Mwaka 1700 tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kizima cha maradhi ya kazi, na vumbi likachukua nafasi kubwa ndani yake. Na mwaka 1831 daktari James Phillips Kay wa Manchester alieleza ugonjwa wa kifua wa wasokota pamba. Viwanda vya mvuke vilipotapakaa, elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba gharama yake.

Mji wa Sheffield unatoa mfano ulio wazi kabisa. Wanoaji wake wa visu na uma walifanya kazi wameinamia mawe ya kunolea, wakivuta vumbi la jiwe na chuma siku nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 J. H. Abraham wa mji huohuo alibuni kifaa cha sumaku cha kunasa unga wa chuma, na baadaye zikaja feni za kuvuta vumbi kutoka kwenye jiwe lenyewe. Wanoaji wengi walivikataa vifaa hivyo. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, alieleza kwamba walionoa bila maji walikufa wakiwa na miaka karibu 35, na kwamba baadhi yao walivunja vifaa vya kinga kwa kuhofia kazi ikiwa salama watakuja wengi na ujira utashuka. Habari hii hutumiwa kuthibitisha kwamba mfanyakazi ni adui wa nafsi yake. Nadhani inathibitisha jambo jingine: ikiwa hatari yenyewe ndiyo iliyobaki kuulinda ujira wa mtu, hawezi kuamua kwa uhuru kuhusu afya yake. Kinga ya aina hii haiwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyokwenda haraka pale vumbi lilipotishia jengo. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha unga cha Washburn A kule Minneapolis kililipuka, kikaua watu 18 na kubomoa vinu vya jirani. Chanzo kilikuwa vumbi la unga lililotanda hewani likashika moto. Kinu kilijengwa upya ndani ya miaka michache, safari hii kikiwa na mitambo ya kukusanya vumbi. Vumbi lililoua kwa kishindo lilipata dawa upesi. Lile lililoua kwa miaka ishirini, haba na haba ndani ya kifua, liliendelea kusubiri.

Hata mfumo wa kisasa wa kupooza hewa haukuzaliwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa kampuni ya Buffalo Forge, Willis Carrier, alitakiwa kuisaidia matbaa ya Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, ambako karatasi ilitanuka na kusinyaa kwa unyevunyevu wa kiangazi hadi rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Mwaka 1906 alipata hataza ya mtambo wa kurekebisha hewa kwa manyunyu ya maji. Mwaka huohuo Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo huko North Carolina, alikuwa akirekebisha unyevunyevu wa vinu vya pamba, kwa sababu uzi mkavu hukatika. Mtu anaweza kujibu kwamba manyunyu hayo yaliosha hewa pia, hivyo mfanyakazi alifaidika bila kukusudiwa. Kwa sehemu ni kweli: hataza ya Carrier ilitaja kuondoa chembe hewani. Lakini maji hunasa vizuri chembe kubwa, ilhali zile ndogo, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hupenya. Faida isiyokusudiwa huishia pale haja ya mwenye mali inapoishia.

Vinu vya pamba vilithibitisha hivyo kwa miongo kadhaa. Wafanyakazi waliendelea kuugua bisinosisi, maradhi ambayo mwanzoni humbana mtu kifua siku ya Jumatatu anaporudi kazini, kisha huweza kumwachia upungufu wa pumzi wa kudumu. Katika miaka ya 1950 Richard Schilling aliyachunguza kwa kina huko Lancashire. Marekani iliweka kanuni maalumu ya vumbi la pamba mwaka 1978, miaka 72 baada ya hataza ya Carrier, ikateremsha kiwango kwenye usokotaji hadi mikrogramu 200 kwa mita ya ujazo. Wenye viwanda walikwenda mahakamani wakidai gharama haziwiani na faida. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria imeweka afya ya mfanyakazi mbele ya hesabu hiyo, mradi hatua inayotakiwa inawezekana. Viwanda viliweka mitambo mipya, na mingi kati ya hiyo ilipunguza vumbi na kuongeza kasi ya kazi pamoja.

Yaliyopita hayo ndiyo ufunguo wa kuchagua chujio leo. Chujio jembamba la nyuzi za kioo, lile la bei ya chini kuliko yote, kazi yake ni kuzuia manyoya na takataka zisizibe feni na mirija ya kupoozea. Tangu 1999 Marekani hutumia kipimo cha MERV kupanga machujio. Chujio la MERV 8 hunasa angalau asilimia 70 ya chembe za mikromita 3 hadi 10, lakini halidaiwi chochote kwa chembe zilizo chini ya mikromita 1. La MERV 13 hudaiwa angalau asilimia 50 ya hizo ndogo kabisa, na asilimia 85 ya zile za mikromita 1 hadi 3. Kwa karakana ya useremala tofauti hii ni ya uhai, maana vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani.

Mafundi watapinga kwamba chujio zito hukaba mfumo, na hoja yao ina ukweli. Hewa ikipungua, mirija ya kupoozea huweza kuganda na tanuri kupata joto kupita kiasi. Lakini suluhisho si kurudi kwenye chujio la kulinda feni. Chujio la mikunjo lenye unene wa inchi 4 lina eneo kubwa kuliko la inchi 1, hivyo hupitisha hewa kwa urahisi zaidi, na upinzani wake unaweza kupimwa kabla ya kukubaliwa. Ufungaji nao una uzito wake: mshale wa fremu ufuate mwendo wa hewa kuelekea kwenye feni, na pembezoni pazibwe kabisa, kwa kuwa hewa hukimbilia upenyo uliopo na kuliacha chujio bora bila kazi. Juu ya hayo, somo la Sheffield lingali hai: vumbi livutwe pale linapozaliwa, kwenye msumeno na kwenye jiwe la kunolea, ndipo chujio la mfumo lishughulikie mabaki. Anayelitegemea peke yake amechelewa, kwa kuwa vumbi limeshapita puani mwa fundi.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Kenya ina yake ya 2007. Zote mbili humpa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu wake. Mwenye karakana anayesimama mbele ya rafu ya machujio asisubiri mkaguzi wala kesi ya mahakamani. Aanze na vumbi analozalisha, achague chujio kwa kipimo cha pafu, kisha ndipo atafute mfumo unaoweza kulibeba.